KURASA 13 ZILIZOSHINDWA KUIZUIA CHALLENGER

Wiki hii tuzungumze juu ya jambo ambalo mkazi yeyote wa mjini amekwisha kulivumilia angalau mara moja. Umekaa ukumbini kwenye kiti cha plastiki, taa zimepunguzwa, mtoa mada amesimama mbele, na ukutani yanapita maandishi ambayo yeye mwenyewe anayasoma neno kwa neno huku amewapa watu mgongo. Chai ya saa nne iko mbali. Mwisho watu wanapiga makofi, wanatawanyika, na ukimwuliza jirani yako kilichosemwa, anacheka.

Siku hizi yako mafunzo ya kutoa mada. Mtu anaambiwa asimame wima, asitie mikono mfukoni, awatazame watu machoni, asijaze maneno mengi ukutani. Si mafunzo mabaya hata kidogo. Lakini kwa maoni yangu yanagusa ganda na kuliacha tunda. Ipo historia ya wahandisi waliotakiwa kutoa mada baada ya matayarisho ya saa chache tu, na juu ya mada hiyo zilitegemea roho za watu saba. Walikuwa na ujuzi, walikuwa na ukweli, na wakashindwa. Inafaa tuitazame polepole.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, tarehe 27 Januari 1986. Huko Florida, kusini-mashariki ya Marekani, chombo cha anga kiitwacho Challenger kilikuwa kimesimama tayari kurushwa kesho yake asubuhi. Miongoni mwa watu saba waliopangiwa kusafiri nacho alikuwamo Christa McAuliffe, mwalimu wa sekondari kutoka mji wa Concord, jimbo la New Hampshire, aliyechaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000 walioomba nafasi hiyo. Alikuwa afundishe kutoka angani, na kwa sababu yake shule nyingi za Marekani ziliandaa televisheni madarasani ili watoto waone safari ikianza.

Sasa Florida ni nchi ya machungwa na jua. Lakini utabiri wa hali ya hewa siku ile ulisema kwamba usiku kungekuwa na baridi ya kugandisha maji. Habari hiyo ilifika Utah, magharibi ya Marekani, ambako kampuni ya Morton Thiokol ilikuwa ikiunda zile roketi mbili kubwa zilizokuwa zikikisukuma chombo wakati wa kuruka. Mhandisi mmoja wa huko, Bob Ebeling, alipousikia utabiri huo aliingiwa na hofu, akampigia simu mkubwa wao aliyekuwa Florida, Allan McDonald. Mshike jina hilo la Ebeling, maana tutarudi kwake.

Hofu yao ilikuwa nini? Roketi zile zilikuwa ndefu mno kusafirishwa nzima, kwa hiyo zilitengenezwa vipande vipande, zikapelekwa Florida kwa reli na kuunganishwa huko. Kila kiungo kilizibwa kwa pete mbili za mpira, pete yenye unene wa kama milimita 7 tu, ikizunguka roketi yenye kipenyo cha mita 3.7 hivi. Kazi ya mpira huo ni kutanuka upesi na kuziba mwanya mara roketi inapowaka, ili moto usipenye. Na kila fundi baiskeli anajua mpira ukipata baridi unakuwaje. Unakakamaa, na ukiubonyeza unachelewa kurudia umbo lake.

Hawakuwa wanabahatisha. Mwezi Januari 1985 chombo kilirushwa wakati pete zikiwa na nyuzijoto 12 za sentigredi, baridi kuliko safari zote zilizotangulia. Roketi zilipookotwa baharini, mhandisi Roger Boisjoly aliikuta grisi kati ya pete ya kwanza na ya pili imegeuka nyeusi tii kwa masizi, maana yake moto ulikwisha kuipita pete ya kwanza. Mwezi Julai mwaka huo aliwaandikia wakubwa wake akiwaonya kwamba jambo lile lisiposhughulikiwa linaweza kuleta maafa na kupoteza maisha ya watu. Barua ikafunguliwa, ikasomwa, ikawekwa.

Basi mchana ule wa Jumatatu wahandisi wa Utah walikaa kutayarisha mada yao. Saa zilikuwa chache. Walipata kurasa 13, baadhi zimeandikwa kwa mkono, wakazituma kwa faksi. Saa 2:45 usiku kwa saa za Florida mkutano ukaanza kwa simu, watu wakiwa sehemu tatu: Utah, Florida, na kituo cha Marshall huko Huntsville, Alabama, ambacho ndicho kilichosimamia roketi kwa niaba ya Shirika la Anga la Marekani, NASA. Hakuna aliyeona uso wa mwenziwe wa upande wa pili. Kulikuwa na sauti na karatasi za faksi, basi.

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu kurasa zile zipo mpaka leo na zimechunguzwa na watu wengi. Shauri la mwisho la wahandisi lilikuwa wazi kabisa: msirushe chombo ikiwa pete ziko chini ya nyuzijoto 12. Lakini njia ya kulifikia shauri hilo ilikuwa na mashimo. Ukurasa mmoja ulieleza madhara yaliyopata pete katika safari fulani fulani, lakini haukutaja joto la siku hizo. Ukurasa mwingine ulitaja joto, ila uliweka safari mbili tu zilizokwisha kuruka: ile ya nyuzijoto 12, na nyingine ya Oktoba 1985 iliyorushwa katika joto la nyuzijoto 24. Zote mbili zilikuwa na masizi. Juu ya hayo, ukurasa huo uliorodhesha roketi nne za majaribio zilizowashwa zikiwa zimelazwa chini, katika baridi ya nyuzijoto kati ya 8 na 11, nazo hazikutoa masizi.

Jiweke wewe katika kiti cha mkubwa wa NASA, umechoka, ni usiku, safari imekwisha kuahirishwa mara kadhaa. Unaambiwa baridi ni hatari. Unatazama karatasi, unaona siku ya baridi kulikuwa na masizi, siku ya joto kulikuwa na masizi, na roketi zilizowashwa katika baridi zaidi hazikuwa na kitu. Utasema nini? Lawrence Mulloy, aliyesimamia roketi hizo upande wa NASA, alisema ushahidi huo hauthibitishi neno, akauliza kwa ukali kama Thiokol wanataka angoje mpaka Aprili ndipo arushe. Mwenzake George Hardy alisema ameshtushwa na shauri lao, ingawa aliongeza kwamba hatarusha chombo kinyume cha ushauri wa kampuni.

Nini kilikosekana? Zilikosekana safari ambazo hazikupata dhara lolote. Chukua mfano wa hapa mtaani. Watu watano wameumwa tumbo, na wote walikula kwenye mgahawa mmoja. Ukitaka kujua kama kosa ni la mgahawa, haitoshi kuwahesabu hao watano. Ni lazima uulize pia, waliokula pale wakabaki wazima ni wangapi, na wasiokula pale wanaendeleaje? Tume iliyochunguza ajali baadaye ilifanya hesabu hiyo rahisi. Kati ya safari zilizotangulia, nne pete zake zilikuwa na nyuzijoto 17 au chini ya hapo, na zote nne zilipata dhara. Safari 20 zilikuwa na nyuzijoto 19 au zaidi, na zilizopata dhara ni tatu tu. Ukiyachora hayo kwenye karatasi moja, joto upande huu na madhara upande ule, mtoto wa darasa la saba ataona mwelekeo. Na kesho yake ilitarajiwa pete ziwe chini ya sifuri, mahali ambapo hapakuwa na safari hata moja ya kulinganisha.

Lakini karatasi hiyo moja haikuwapo mezani usiku ule.

Thiokol wakaomba dakika tano wazungumze peke yao, wakaifunga sauti ya simu. Dakika tano zikawa karibu nusu saa. Humo chumbani mhandisi Arnie Thompson aliinuka, akaenda mezani mbele ya mameneja na kuwachorea kiungo kile kwa kalamu. Boisjoly akaweka picha mbele yao, masizi ya siku ya joto yakiwa ya kijivu, ya siku ya baridi meusi kama lami. Hizo picha ndizo zilizokuwa zikisema! Lakini zilisema kwenye chumba cha Utah, kwa mameneja waliokwisha kuona wateja wao wamekasirika, huku watu wa Alabama na Florida wakisubiri kwenye simu isiyotoa sauti. Meneja mkuu Jerry Mason akamgeukia Bob Lund, mkuu wa uhandisi, akamwambia avue kofia ya uhandisi avae kofia ya umeneja. Lund akabadili msimamo. Mameneja wanne wakaamua, wahandisi hawakuulizwa tena.

Simu ikafunguliwa, uamuzi mpya ukasomwa: rusheni. Upande wa NASA mtu akauliza kama yuko yeyote mwenye maoni tofauti. Hakuna aliyejibu. Mimi kazi yangu ni sauti, na sisi wa redio tunajua kwamba ukimya una maana nyingi, ila anayeusikia huchagua ile inayompendeza. NASA walisikia kibali. Kule Florida, McDonald alikataa kutia sahihi yake. Ikabidi karatasi isainiwe Utah na kutumwa kwa faksi. Wazee wetu wametuzoeza kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiku ule mkuu ndiye aliyekataa kusikia la mdogo, na waliovunjika hawakuwa wao wawili.

Tarehe 28 Januari 1986, saa 5:38 asubuhi, Challenger iliruka kutoka kwenye mnara uliokuwa unaning'inia barafu. Ilidumu sekunde 73. Wote saba walikufa: Francis Scobee, Michael Smith, Ronald McNair, Ellison Onizuka, Judith Resnik, Gregory Jarvis na Mwalimu McAuliffe.

Rais Reagan aliunda tume chini ya William Rogers, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mmoja wa wajumbe alikuwa Richard Feynman, profesa wa fizikia aliyepata Tuzo ya Nobel. Na sasa tunaikuta mada nyingine, ya dakika moja hivi, isiyokuwa na ukurasa hata mmoja.

Feynman alikwisha kuchoshwa na vikao. Kila mtu wa NASA alikuja na chati zake zenye vifupisho na vidoti, maneno yakapita kama mchanga kwenye chekeche. Asubuhi ya tarehe 11 Februari alikwenda dukani akanunua bisibisi, koleo na vibano vidogo. Kutoka kwenye mfano wa kiungo ulioletwa kuonyeshwa tume, akachomoa kipande cha mpira wa pete. Akafanya jaribio lake kwanza faraghani kuhakikisha linafaulu. Mwenyewe ameeleza katika kitabu chake kwamba alijua ingependeza zaidi kulifanya papo hapo bila kujaribu, lakini hakutaka kubahatisha. Akaenda kikaoni, akaagiza maji ya barafu. Maji yakachelewa. Yalipofika, akabana kipande cha mpira kwa kibano, akakitumbukiza ndani ya glasi.

Alitaka kubonyeza kitufe cha kipaza sauti mara moja. Jenerali Donald Kutyna, aliyekaa karibu naye, akamzuia, akamwonyesha kwenye kitabu cha chati ukurasa ambao Mulloy alikuwa bado hajaufikia: ngoja afike hapa. Mulloy alipofika hapo, Feynman akaomba nafasi. Akautoa mpira kwenye maji, akafungua kibano, na watu wakaona kwamba mpira hauchupi kurudi. Kwa sekunde kadhaa ulibaki umebonyea. Akasema anaamini jambo hilo lina uzito katika tatizo lao. Hakuongeza mahubiri. Wakati wa mapumziko waandishi wa habari walimwuliza maswali ya kuonyesha hawakuelewa, akavunjika moyo. Usiku televisheni zote zikaonyesha glasi ile.

Watu husema Feynman alikuwa mwigizaji. Ni kweli alipenda kutazamwa. Lakini tuwe waadilifu: Feynman alisema baada ya maiti saba, mbele ya kamera, akiwa na Nobel mfukoni na bila mkubwa wa kumfukuza kazi. Boisjoly alisema kabla, usiku, kwa simu, akiwa mwajiriwa. Na jaribio la glasi halikuthibitisha jambo jipya kwa Boisjoly. Lilionyesha kwa macho kile alichokwisha kukiandika.

Mwaka 1997 Edward Tufte, profesa wa Marekani anayejulikana kwa kuchambua michoro na takwimu, alizichambua kurasa zile 13 katika kitabu chake na kusema waziwazi kwamba wahandisi walikuwa na jibu sahihi lakini waliliwasilisha vibaya. Alitaja hata hili, kwamba kurasa hazikuwa na majina ya walioziandaa, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyesimama nyuma ya maneno yake. Mwaka 2002 Boisjoly na wenzake wakamjibu kwa ukali. Walisema Tufte hakuelewa, kwamba usiku ule hawakuwa na takwimu zote za joto alizozitumia yeye kuchora mchoro wake mzuri, na kwamba mwajiri na mteja ndio waliogeuza mzigo. Desturi ilikuwa mhandisi athibitishe kwamba ni salama. Usiku ule walitakiwa kuthibitisha kwamba si salama.

Mimi nawaona wote wana haki, kila mmoja kwa upande wake. Tufte ana haki kuhusu karatasi. Wahandisi wana haki kuhusu chumba. Mchoro ule mmoja ungewapa silaha, lakini mtu aliyekwisha kuamua asubuhi atarusha chombo hubishana hata na mchoro. Na ninachowalaumu zaidi wale wakubwa si kwamba walitaka ushahidi. Ni kwamba walikuwa na uwezo wa kuuliza swali moja, safari zisizopata dhara ziko wapi, na NASA yenyewe ndiyo iliyokuwa na taarifa za safari zote. Kusikiliza mada nako ni kazi, tena kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua ni kazi nzito kuliko ya aliyesimama mbele.

Ungedhani NASA walijifunza. Mwaka uliofuata, 1987, programu ya kompyuta iitwayo PowerPoint iliingia sokoni, na baada ya miaka michache karatasi za faksi zikawa slaidi za rangi. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha Columbia kiliruka, na sekunde 82 hivi baadaye kipande cha povu gumu la kuzuia joto kikachomoka na kulipiga bawa la kushoto. Wahandisi wa kampuni ya Boeing wakapewa kazi ya kukadiria madhara, wakaandika ripoti zao kwa slaidi 28.

Slaidi moja imekuwa mashuhuri. Kichwa chake, kwa herufi kubwa, kilisema matokeo ya majaribio ya zamani yanaonyesha kuna akiba ya usalama. Chini yake vidoti, chini ya vidoti vistari, maandishi yakizidi kuwa madogo kila yaliposhuka. Chini kabisa, mahali ambapo jicho limekwisha kuchoka, palikuwa na habari kwamba povu lililochomoka lilikadiriwa kuwa inchi za ujazo 1,920, na lile la majaribio lilikuwa inchi 3. Kwa lugha ya jikoni, majaribio yalifanywa kwa kipande cha vijiko vitatu vya chakula, na bawa lilipigwa na kipande cha ndoo moja na nusu. Mara 640! Habari hiyo ndiyo iliyostahili kuwa kichwa cha slaidi, kwa sababu maana yake ni moja tu, kwamba majaribio yale hayawezi kutuambia chochote. Wahandisi waliomba mara tatu bawa lipigwe picha na mitambo ya angani; hawakupewa. Tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilisambaratika juu ya Texas ikirudi nyumbani, na watu saba wakafa. Bodi iliyochunguza iliichapisha slaidi ile katika ripoti yake, ikasema ni rahisi kuelewa jinsi mkubwa angeweza kuisoma asitambue kwamba inazungumzia hatari ya kufa.

Nilisema tutarudi kwa Bob Ebeling, yule aliyepiga simu ya kwanza. Aliacha uhandisi muda mfupi baada ya ajali. Januari 2016, miaka 30 ilipotimia, alizungumza kwenye redio ya umma ya Marekani, akiwa mzee wa miaka 89 na mgonjwa. Alisema alijiona mtu aliyeshindwa, kwamba hakutoa takwimu za kutosha kuwasadikisha, na kwamba Mungu alikosea kumchagua yeye kwa kazi ile. Miaka 30 alikuwa amezibeba kurasa 13 mgongoni.

Wasikilizaji waliomsikia waliandika barua, mamia ya barua, kumwambia kwamba alifanya lililo lake. Binti yake akakaa naye akimsomea. McDonald alimpigia simu. Na George Hardy, yuleyule wa NASA aliyesema ameshtushwa, naye alimtumia ujumbe wa kumwambia asijilaumu. Mzee alisema mzigo umepungua. Alifariki tarehe 21 Machi mwaka huohuo.